Etymonline: kamusi ya bure inayokuonyesha neno la Kiingereza limetoka wapi, rivyu yangu

Wadau wa lugha, leo naongelea Etymonline, jina lake refu ni Online Etymology Dictionary. Ni kamusi ya bure ya mtandaoni ambayo kazi yake ni moja tu, kukuonyesha neno la Kiingereza limetoka lugha gani, limeanza kuonekana kwenye maandishi lini na maana yake imehamahama vipi mpaka kufika ilipo saivi. Mimi nafundisha Kiingereza watu wazima, madarasa ya jioni, wengi wana kazi zao mchana, na hii kamusi naifungua karibu kila nikiandaa somo, kwahiyo haya sio maneno ya mtu aliyeipakua jana akakimbilia kuandika.

Nianze na kitu kilichonifanya niipende, kwasababu ndo hasa ninachotaka watu wajue: hii kamusi inaweka miaka. Kamusi tulizokulia nazo shuleni zinakupa maana ya kwanza, ya pili, ya tatu, basi, hujui ipi ilimzaa mwenzake. Hapa kila maana ina umri wake, na ukishaona umri unaelewa kwanini neno moja linabeba maana mbili ambazo hata hazifanani.

Chukua nice. Hakuna neno la Kiingereza jepesi kama hilo, mtoto wa chekechea analijua, hata ambaye hajakanyaga sekondari anakwambia "nais" akipendezwa na kitu. Sasa nina mwanafunzi mmoja ni karani wa mahakama. Mahakama zetu Tanzania sheria ilishaweka Kiswahili mbele tangu 2021 lakini hukumu za zamani ni Kiingereza kitupu na lazima zisomwe, basi akaja darasani na nakala ya hukumu amepigia mstari sehemu jaji ameandika kwamba suala lililo mbele yake ni "a nice point of law". Akaniuliza, "Mwalimu, yaani jaji amependezwa na hii hoja? Mbona hukumu yenyewe kaishia kuikataa?" Swali zuri mnoo. Nikampa simu nikamwambia, "Dada, andika mwenyewe hapo nice, tusome wote."

Ukurasa ukafunguka. Juu kabisa neno lenyewe, pembeni alama kwamba ni kivumishi, chini yake aya moja ndefu iliyojaa tarehe, na hiyo aya ukiisoma taratibu unaona kitu cha ajabu. Nice iliingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 13 ikiwa na maana ya mjinga, mtu asiyejua kitu! Ilitoka Kifaransa cha zamani, na huko ilitoka Kilatini nescius, yaani asiyejua, ambayo ni ne, "si", pamoja na scire, "kujua". Muda si mrefu ikaanza kutumika pia kwa mtu mwoga. Mwishoni mwa karne ya 14 ikawa mtu anayechaguachagua, asiyeridhika na kitu chochote. Kwenye mwaka 1400 hivi ikawa kitu laini, cha kushika kwa uangalifu. Miaka ya 1500 ikafikia maana ya umakini, kupima jambo kwa usahihi mpaka kwenye tofauti ndogondogo. Halafu 1769 ndo tunapata nice ya kupendeza, na 1830 nice ya mtu mwema, mwenye utu.

Yaani kutoka "mjinga" mpaka "mtu mwema" ni kama miaka 500, na ukifuata hatua kwa hatua hakuna mahali neno limeruka, kila maana imezaliwa na iliyotangulia. Mjinga anaogopa, mwoga anakuwa na masharti mengi, mwenye masharti mengi anataka vitu laini na vya hali ya juu, anayetaka vya hali ya juu anakuwa makini na tofauti ndogo, na kitu kilichochaguliwa kwa umakini huo mwishowe kinapendeza. Hiyo ndo namna mimi nawaeleza wanafunzi na wanaishika.

Kwahiyo jaji wetu alikua anatumia nice ya miaka ya 1500, ile ya umakini, alimaanisha hoja nyembamba, ya kupimwa kwa uangalifu kabla hujaamua. Yule dada akasema, "Kumbe anasema ni ngumu!" Nikamwambia sio ngumu dada, ni nyembamba, ukiteleza kidogo tu umeangukia upande mwingine. Akaandika pembeni ya hukumu yake. Maana hiyo haijafa, wanasheria na wanafalsafa wanaoandika Kiingereza bado wanasema "a nice distinction" wakimaanisha tofauti ndogo isiyoonekana kirahisi, na ukisoma nyaraka za aina hiyo ukiwa na maana ya 1769 peke yake kichwani utapotea.

Kingine, chini ya aya kuna vipande vinavyokuunganisha na ndugu wa neno. Ile scire ya "kujua" ndo imezaa pia science na conscience. Yaani nice na science ni damu moja, mmoja ni "kujua" na mwingine ni "kutojua", na mtu aliyesoma Kiingereza miaka kumi hajawahi kuambiwa. Nikishawaonyesha hilo darasani, conscience ambayo ilikua inawasumbua kuandika, c na s zinawachanganya, inakaa kwasababu wanaiona science mle ndani.

Na hii kamusi haikufichi pale ambapo wenyewe wataalamu wamekwama. Kwenye nice inakupa maneno ya kamusi kubwa ya Oxford kwamba kwenye maandishi mengi ya karne ya 16 na 17 ni vigumu kujua mwandishi alikusudia maana ipi, maana zote zilikua hai kwa wakati mmoja. Inakuletea pia lawama za Fowler, yule bwana wa Kiingereza aliyeandika mwongozo wa matumizi ya lugha mwaka 1926, alilalamika kwamba neno limetumika mpaka limebaki halina uzito, likasambaza uzuri usioeleweka ni wa nini. Aliwatupia lawama wanawake, hilo mimi silikubali hata kidogo, lakini kwamba neno limechoka ni kweli. Ndo maana nawaambia wanafunzi ukiandika insha au barua ya kuomba kazi usiweke nice kila mstari, taja uzuri wenyewe ni upi. Kwenye kuongea ni sawa kabisa, "nice to meet you" iko palepale, na "nice and warm" ambayo wengi hawaielewi, hapo nice haisifii, inaongeza nguvu tu, ni kama unavyosema maji yana joto lake zuri la kutosha. (Mji wa Nice kule Ufaransa ni kitu kingine kabisa, huo umetoka kwa Wagiriki, neno lao la ushindi, watu wasichanganye.)

Ukitaka kuona safari ya kinyume fungua silly. Leo silly ni mpuuzi. Kwenye Kiingereza cha kale mzizi wake ulikua na maana ya mwenye heri, aliyebarikiwa, na Wajerumani mpaka leo neno lao selig limebaki na heri zake. Kwa Waingereza mwenye heri akawa mcha Mungu, akawa asiye na hatia, akawa wa kuonewa huruma, akawa dhaifu, na kufikia miaka ya 1570 akawa mwenye akili dhaifu. Nice imepanda, silly imeshuka. Haya mawili ukiyafundisha pamoja siku moja darasa zima linaamka, watu waliochoka na kazi tangu asubuhi wanaanza kuuliza maneno yao wenyewe.

Aliyeitengeneza hii kitu ni mtu mmoja, Douglas Harper, Mmarekani wa Lancaster, Pennsylvania, alikua mhariri kwenye gazeti na mwandishi wa historia, sio profesa wa isimu. Alianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuvumbua asili za maneno kichwani mwake, alikusanya kutoka kwenye kamusi za waliotangulia, Oxford, Barnhart, Weekley, Klein na wengine, akazipanga kwa lugha fupi na kuziweka bure mtu yeyote asome. Kwenye utangulizi wake anasema hii ni ramani ya alama za magurudumu ya Kiingereza cha leo, yaani njia ambazo maneno yamepita, na kwamba asili ya neno sio maana ya neno. Hilo la pili naomba watu walishike sana! Ukijua nice ilikua mjinga haina maana kwamba anayekuita nice anakutukana. Maana ya neno ni vile watu wanavyolitumia leo, asili inakueleza tu limefikaje hapo. Nimeona wahubiri na wahamasishaji wanachukua asili ya neno la Kiingereza wanajengea hoja nzima kwamba "maana halisi" ni ile ya zamani. Sio kweli, na hii kamusi yenyewe ndo ya kwanza kukwambia.

Sasa tuje kwenye kitu kinachoniuma kwelikweli, meseji za WhatsApp. Kila mwaka zinarudi zilezile: eti NEWS ni North, East, West, South. Eti GOLF ni Gentlemen Only Ladies Forbidden. Walimu wanazituma kwenye magrupu ya walimu, watoto wanafundishwa, wanakua nazo. Fungua Etymonline dakika moja tu. News ni wingi wa new, "mambo mapya", imefuata mtindo wa Kifaransa nouvelles, iko kwenye maandishi tangu mwishoni mwa karne ya 14. Golf ni neno la Waskoti la karne ya 15, mwaka 1457 bunge la Scotland lilipiga marufuku huo mchezo pamoja na mpira kwasababu vijana walikua wanaacha mazoezi ya upinde, na tahajia zao za wakati huo ziko tofautitofauti, hakuna kifupisho chochote hapo. Kanuni rahisi ninayowapa wanafunzi: mtu akikwambia neno la zamani la Kiingereza ni kifupisho cha herufi, usikubali kabla hujaangalia, kwasababu mtindo wa kutengeneza maneno kwa herufi za mwanzo umeshika kasi karne ya 20 tu. Kuna OK ambayo kweli ilianza kama herufi, gazeti la Boston la tarehe 23 Machi 1839, waandishi walikua wanafanya utani wa kuandika vibaya makusudi, "oll korrect" badala ya "all correct", yaani yote sawa, ikabebwa na kampeni ya rais wa Marekani Martin Van Buren mwaka uliofuata kwasababu jina lake la utani lilikua Old Kinderhook. Lakini hiyo ina gazeti, ina tarehe, ina mtafiti aliyeifuatilia, Allen Walker Read miaka ya 1960. Ushahidi ndo huo, sio picha yenye maua na "tuma kwa watu 10".

Na sisi Waswahili tumo humo ndani. Safari ipo, wameandika wazi kwamba ni ya Kiswahili na sisi tuliitoa kwenye Kiarabu safar, Waingereza waliichukua karne ya 19 wakati wapelelezi wao wanapita na misafara kutoka pwani kwenda bara. Angalia walivyoibana, kwetu mtu anaenda safari ya Singida kumsalimia shangazi, kwao safari ni lazima simba awepo. Jenga, ule mchezo wa vipande vya mbao, ni kitenzi chetu kabisa kujenga, aliuleta sokoni Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika, mwaka 1983 kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea London. Alafu kuna jumbo. Watu wengi huku wanaapa kwamba jumbo ni jambo yetu. Etymonline inakwenda kwa tahadhari: ilivuma 1882 kupitia tembo aliyeitwa Jumbo wa bustani ya wanyama ya London, aliyeuzwa kwa mwenye sarakasi Mmarekani P.T. Barnum Waingereza wakalia sana, lakini neno lenyewe lilikuwepo kabla, tangu 1823, kwa mtu mkubwa mzitomzito, na huenda limetoka lugha ya Afrika Magharibi, wanatoa mfano wa nzamba ya Kikongo yenye maana ya tembo. Huenda. Hawajasema ndio. Mimi hiyo "huenda" naiheshimu kuliko majibu yote ya uhakika ninayotumiwa na watu. Dog nayo, neno la kila siku, wanakwambia asili yake haijulikani, basi, wanaishia hapo.

Kwenye matumizi ya simu haina shida, kuna tovuti na kuna aplikesheni ya Android na iPhone, na ukiwa kwenye kompyuta kuna kiongezi cha Chrome unachoweka kwenye kivinjari. Kurasa ni maandishi kwa sehemu kubwa kwahiyo haili bando kama video. Nilishawahi kupakua kamusi nyingine, sitaitaja, kila neno tangazo la sekunde thelathini, mpaka likiisha umesahau ulikua unatafuta nini. Hapa unaandika neno unasoma, kusoma tu huhitaji namba ya kadi.

Mapungufu yapo na mtu ajue kabla. Kwanza Kiingereza chake ni kizito, sentensi fupi zimejaa vifupisho, mwanafunzi wa hatua ya mwanzo ataona giza, kwahiyo kwa wanaoanza mwalimu asome kwanza ndo awaeleze. Ukiona kinyota mbele ya neno ujue hilo neno halijawahi kuonekana kwenye maandishi yoyote, wataalamu wamelijenga kwa kulinganisha lugha, mara nyingi ni ile lugha mama ya kale ya Kihindi-Ulaya. Ukiona c. mbele ya mwaka ni "takriban". Pili, miaka inayowekwa ni ya maandishi ya kwanza yaliyopatikana, watu wanaweza kuwa waliliongea neno kabla, na akipatikana mtafiti na hati ya zamani zaidi mwaka unarudi nyuma, usiuchukue kama cheti cha kuzaliwa. Tatu, sio kamusi ya matamshi wala ya mifano ya kila siku, ukitaka kujua leo neno linatumikaje kwenye sentensi chukua kamusi ya wanafunzi pembeni.

Na Kiingereza cha kwetu huku humo ndani ni kidogo sana. Kwa hilo Oxford English Dictionary wamewapita, mwaka 2022 waliingiza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, nyama choma, jembe, sambaza, panya route, yote na mifano ya maandishi yenye tarehe. Oxford ndo baba lao kwa kweli, wazo lilianza 1857, mhariri wake James Murray na wenzake walikusanya vikaratasi vilivyotumwa na watu wa kawaida kutoka pande zote, toleo la kwanza likakamilika 1928 Murray mwenyewe ameshafariki tangu 1915. Lakini kuisoma yote mtandaoni ni ya kulipia kwa mwaka, na bei yake sio ya mwalimu wa jioni. Kama chuo chako kimelipia itumie mpaka uchoke. Kama hakijalipia, Etymonline itakufikisha mbali sana.

Ninachokitamani, na hapa naongea kwa uchungu, ni kitu cha namna hii kwa Kiswahili. Sio kwamba vifaa hatuna. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi pwani yetu karne ya 19, alitoa kamusi kubwa 1939 yenye asili za maneno, ila ni Kifaransa, nani huku mtaani ataisoma. Mtaalamu wa isimu Thilo Schadeberg ana orodha yake ya maneno ya mkopo ya Kiswahili, iko bure mtandaoni, nayo ni Kiingereza. Barua za Kiswahili kutoka Kilwa za mwaka 1711 zipo, zimehifadhiwa Goa kule India. Yaani tarehe za kuanzia tunazo, zina zaidi ya miaka 300! Harper alikua mtu mmoja tena mwenye kazi yake gazetini. Vijana wa isimu pale Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi, Zanzibar, mkikaa watu wachache tu mkaanza na maneno mia moja, meza, shule, serikali, chai, pesa, kila moja na lugha lilikotoka na maandishi ya kwanza mliyoyaona, mimi nitakuwa wa kwanza kuyapeleka darasani na kuwachangia.

Kwa tathmini yangu naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu imekatwa kwa ajili ya ule ugumu wa lugha kwa wanaoanza. Kwa walimu wa Kiingereza, watafsiri, wanasheria wanaosoma hukumu za zamani, waandishi wa habari na wanafunzi wa kidato cha tano na sita wa kombi za lugha, ipakueni. Msianze na maneno magumu, anzeni na girl, meat, awful na goodbye. Ukifungua girl utaona kwamba kwenye miaka ya 1300 ilikua inatumika kwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, na meat ilikua chakula chochote kile, hata kisichokua na nyama ndani yake.